Kocha Mwenye Bendera Mbili

Juzi nilikuwa soko la mitumba la Gikomba nikipekua rundo la viatu vya watoto, mkono wangu ukagusa ngozi iliyokuwa nene kuliko ya kiatu. Nikaivuta. Ilikuwa glavu ya besiboli, ya mkono wa kushoto, imechakaa kiganjani na kamba zake zimekatika. Kijana mwenye kibanda akaniambia ni glavu ya kuchomelea vyuma. Nilipokataa akageuza maneno, akasema basi ni ya kutolea mikate kwenye tanuri, na nikiichukua pamoja na viatu atanifanyia bei ya rafiki. Nilikuwa nimeshaiweka puani mbele za watu kama mwendawazimu. Na ile harufu ya ngozi iliyolowa jasho, ikakauka, ikalowa tena, ilipoingia kichwani, sikupata ile huzuni tamu ambayo watu husema huipata wakikumbuka utoto wao. Nilipata hasira. Nilisimama katikati ya Gikomba nimekunja uso, wasukuma mikokoteni wakinipigia miluzi nipishe njia, nikimkasirikia baba yangu kwa sababu ya bendera.

Wenzangu mliokulia nyumba za reli mnaijua michezo yetu. Tulicheza kati, kumpiga aliye katikati kwa mpira wa makaratasi ya nailoni mpaka atoke, hadi mama zetu wanapoanza kuita majina kutoka milangoni. Wavulana walikuwa na bano, yaani gololi, na kandanda, wasichana tulikuwa na raundas shuleni. Besiboli hakuna aliyeijua. Ililetwa na kijana mmoja wa ng'ambo aliyekuja kujitolea kwenye ukumbi wa mtaa, mwembamba, mwenye subira isiyo ya kawaida, ambaye jina lake lilitushinda kulitamka tukamwita Tichaa. Alikuja na gunia la glavu na mipira migumu kama mawe. Wavulana walipoona mtu anapiga mpira na kuzunguka mbio wakasema hiyo ni raundas, mambo ya wasichana, wakakaa mbali. Kwa hiyo sisi wasichana ndio tuliotangulia, na wavulana walipokuja kuona aibu ya kubaki nje, walitukuta tunajua kuliko wao. Kufikia mwisho wa mwaka kulikuwa na ligi ndogo ya timu za wasichana na wavulana pamoja: sisi, na mitaa ya Mathare, Umoja na Baba Dogo.

Kisha muda wa Tichaa ukaisha, akarudi kwao. Wazee wakaitisha mkutano ukumbini, wakauliza ni mzazi gani atakubali kuifundisha timu ya mtaa wetu, bila malipo, kila jioni na kila Jumamosi. Watu wakatazama viatu vyao. Mama alikuwa ananong'onezana na jirani habari za unga. Mimi nilikuwa nimekaa sakafuni mbele na watoto wenzangu, nikaona mkono mmoja tu umeinuliwa ukumbi mzima, na mkono huo ulikuwa na saa ya baba yangu.

Baba hakuwahi kurusha mpira wa aina yoyote. Kazi yake ilikuwa kwenye yadi ya reli, kuziashiria treni kwa bendera: nyekundu simama, kijani endelea. Siku zingine za Jumamosi alikuwa akija kututazama akiwa amesimama wima, mikono nyuma, kama anayengojea kitu kipite. Tukiwa njiani kurudi nyumbani Mama alimuuliza kama anajua ule uwanja una pembe ngapi. Baba akasema atauliza. Mimi nilikuwa nimejaa fahari hadi kooni. Niliwaza kwamba mtoto wa kocha atakuwa anapiga mpira wa kwanza kila mara, na atakimbia anavyotaka. Mimi ndiye niliyekuwa na mbio kuliko wote, hilo hata wavulana walilikubali.

Siku ya kwanza ya mazoezi alikuja na kofia yake ya kazi na bendera mbili zimeviringishwa kwenye vijiti vyake. Alikuwa amejaza magunia manne maranda ya mbao aliyoyaomba kwa maseremala, akayapanga kwenye pembe nne, kisha akatusimamisha kwa foleni.

"Hii kitu si ngumu," akasema. "Ni reli. Hapa ni nyumbani. Unatoka nyumbani, unaenda Nakuru. Ukitoka Nakuru ni Eldoret. Ukitoka Eldoret ni Webuye. Ukitoka Webuye unarudi nyumbani. Stesheni moja, treni moja. Mkiona treni mbili kwa stesheni moja, hiyo ni ajali."

Kwa kweli tulielewa. Yale ambayo Tichaa alikuwa ametufundisha kwa mwaka mzima kwa kuchora chini na kijiti, Baba aliyamaliza kwa dakika chache, na mpaka leo nikiona mchezo huo kwenye runinga, mtu akiwa pembe ya tatu mimi namwona yuko Webuye. Mwende, rafiki yangu, ambaye baba yake alikuwa mchongaji vinyago, alinyoosha mkono akasema njia ya kwao haipiti Webuye, kwao ni upande wa Machakos. Baba akafikiria jambo hilo kwa makini, akamwambia hii gari inaelekea magharibi, apande tu. Kevo naye, mvulana mkubwa kuliko sote na mwenye mdomo kuliko sote, akasema yeye hana nyumbani, amezaliwa hapahapa Makongeni na hata nyanya yake amezikwa makaburi ya Lang'ata, hapa jijini. Baba akamwambia kila mtu ana nyumbani. Alilisema kwa ukali kidogo, nikashangaa kwa nini.

Sisi watoto neno hilo lilituchanganya. Kwa wazazi wetu, tulikolala palikuwa nyumba, na nyumba ilikuwa ya reli. Nyumbani kulikuwa mbali, kwetu ni mbele kidogo ya stesheni ya Webuye, kulikuwa shamba la babu, kuku, baridi ya asubuhi na shangazi wanaokuuliza kama wewe bado hujui lugha yenu. Tulikwenda Desemba na kurudi Januari. Nyumbani palikuwa mahali pa likizo.

Sasa niwaambie habari ya bendera, maana ndiyo iliyoniudhi na inaniudhi hadi leo.

Kanuni ya Baba ilikuwa kwamba mkimbiaji akishafika stesheni haondoki mpaka apewe kijani. Yeye alisimama karibu na gunia la Webuye, bendera nyekundu mkono huu, ya kijani mkono huu, na sote tulitakiwa tumtazame yeye wala si mpira. Mpira ni kazi ya kocha, alisema, kazi yenu ni bendera. Na kijani haikutoka ovyo. Ilitoka mpira unapotumbukia kwenye mtaro wa maji taka, au unapopita juu ya ukuta wa mabati na mtoto wa timu ile nyingine kwenda kubisha hodi kuuomba. Wakati wote uliobaki ilikuwa nyekundu. Unapiga mpira, unafika Nakuru, unaganda. Anayekufuata anapiga, unafika Eldoret kwa kulazimishwa, unaganda. Unafika Webuye, nyumbani unapaona palepale, gunia lenyewe umelikanyaga muda mfupi uliopita, na Baba amekunyooshea nyekundu usoni.

Mechi yetu ya kwanza chini ya Baba ilikuwa na Mathare, na tulishindwa kwa kosa letu wenyewe. Kevo alisahau kwamba hatuchezi kati. Alipoona mtoto wa Mathare anakimbia akamtandika mpira wa mgongo kwa nguvu zake zote, kisha akaanza kushangilia kwamba amemtoa. Refa, ambaye siku za kawaida alikuwa mlinzi wa ukumbi, alilazimika kusimamisha mchezo ili mtoto afutwe machozi. Hilo nililisamehe. Lakini mechi zilizofuata tulishindwa kwa bendera. Umoja walitufunga tukiwa tumejaa stesheni zote, treni tatu zimeegeshwa, hakuna inayokwenda popote. Watu wa mtaa waliokuja kutazama wakatubatiza Treni ya Mizigo. Tukienda dukani kununua mkate, watoto wadogo wanatupigia honi ya treni kwa midomo.

Kocha wa Baba Dogo alikuwa kijana wa kiwandani, shati nje, hajui hata kanuni vizuri. Alijua neno moja tu: kimbia. Watoto wake walikimbia ovyo, wakatolewa mara kwa mara, wakacheka, wakakimbia tena, na wakashinda. Niliwaonea wivu uliofika mifupani. Niliona wazi kwamba mtoto mwenye mbio zangu angekuwa Baba Dogo angekuwa malkia.

Na ile fahari yangu ya kuwa mtoto wa kocha iliishia siku ya kwanza. Kwa sababu nilikuwa wake, nilipiga mpira wa mwisho. Kwa sababu nilikuwa wake, nilibeba magunia. Mwende alipewa nafasi ya kuvaa glavu nzuri ili asione vibaya kwamba hawezi kudaka, mimi nikavaa ile iliyotoboka. Rungu letu la kupigia lilichongwa na baba yake Mwende, ambaye mikono yake ilikuwa imezoea kazi moja maishani, kwa hivyo mwisho wa mpini aliweka kichwa cha twiga. Pembe za twiga zilinichubua kiganja. Nilipomlalamikia Baba akasema nimshukuru Mzee kwa msaada.

Nilimuuliza siku moja tukitoka uwanjani, nikijaribu kujikaza nisilie. "Baba, kwa nini hutupatii kijani?"

Akaniambia haraka haraka haina baraka. Nikamwambia ngoja ngoja huumiza matumbo. Akacheka, akasema tumbo likiuma hupona, lakini aliyegongwa na treni haponi. Nikamuuliza ni nani aliyewahi kugongwa na treni kwenye uwanja wa besiboli. Alikuwa na tabia moja, ukimbana kwa hoja anatazama mbele na kutembea, na mkono wake unabaki begani mwako kana kwamba hamkuwa mnagombana.

Kilichozidi kunichoma ni kwamba alijitolea kupita kiasi. Baba za wenzangu walikwenda kazini asubuhi na kurudi jioni. Baba alianza kuonekana uwanjani mchana. Shule yetu ilikuwa karibu, na tulipotoka kwenda kula mchana nilimkuta na mavazi yake ya kazi, amepiga magoti, anainyoosha mistari ya chokaa kwa kamba, au ameketi peke yake juu ya gunia la Webuye akila mahindi ya kuchoma. Kevo alinisogelea akaninong'oneza: "Nekesa, manze, budako anahepa job juu ya hii mchezo na bado tunachapwa." Niliona aibu. Niliamini anatoroka kazini kwa mapenzi ya mchezo asioujua, na kwamba wakubwa wake wakimshika itakuwa balaa, yote hayo kwa ajili ya timu inayopigiwa honi dukani.

Sasa, Baba na Mama walipotaka kuzungumza mambo yasiyotuhusu waliingia Kibukusu. Sisi tuliozaliwa Nairobi tulikijua nusunusu, kiasi cha kuamkia wazee, kuomba chakula na kufuata sentensi fupi. Jioni moja nilikuwa nyuma ya pazia lililogawanya chumba, nikifanya kazi ya shule, nikamsikia Mama akimuuliza Baba atawaambia watoto lini. Baba akasema msimu uishe kwanza. Mama akasema Nekesa ataumia sana. Kisha Baba akazungumza kwa muda, sauti chini, na katika maneno yake yote niliokota machache: mwisho wa mwezi, kutoka, wengine watachukua nafasi.

Kutoka. Katika timu yetu neno hilo lilikuwa na maana moja. Ukiguswa na mpira kabla hujafika stesheni, refa anasema umetoka. Nilikaa nyuma ya pazia penseli mkononi na kila kitu kikajipanga kichwani mwangu vizuri kabisa. Timu yetu inatolewa kwenye ligi kwa sababu ya kushindwa. Watoto wa mtaa mwingine wataichukua nafasi yetu mwisho wa mwezi. Baba anajua, na anaogopa kutuambia.

Asubuhi niliwaambia wenzangu. Mwende akalia palepale kwenye lango la shule. Kevo akasema dawa ni moja, mechi ya mwisho na Baba Dogo lazima tuishinde, wakiona tumewapiga wenye kuongoza hawatatutoa. Tukakubaliana naye. Kisha akasema la pili, kwamba Jumamosi hiyo tusitazame bendera, kila mtu akimbie anavyoona mwenyewe.

"Mimi siwezi," nikasema. "Ni baba yangu. Watu watakuwa wakiangalia."

Kevo aliudhika, akaniita mama ya stesheni, lakini mwishowe tukapatana kwamba nitamwomba. Nilimwomba Ijumaa jioni akiwa anapiga pasi bendera. Ndiyo, alizipiga pasi, kwa pasi ya makaa, kabla ya kila mechi. Sikutaka ajue kwamba nilisikiliza nyuma ya pazia, kwa hiyo nilimwambia tu Jumamosi atupe kijani, hata mara moja, hata kama mpira hauko mtaroni.

Aliinua pasi, akapuliza makaa. "Nitaona," akasema.

Baba Dogo walikuja na watu wao na ngoma. Sisi upande wetu alikuja hata Mama, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, amevaa kitambaa cha kanisani. Niliiona kama dalili mbaya. Tulicheza siku hiyo kama watoto wanaopigania chakula. Mwende, ambaye hakuwahi kudaka kitu, alidaka mpira kwa kuukumbatia kifuani, akakaa chini kwa maumivu bila kuuachilia. Kevo alirusha vizuri hadi kocha wa Baba Dogo akaacha kucheka. Mpira ulitumbukia mtaroni mara kadhaa, Mungu aubariki mtaro ule, na kijani ikatoka, tukapata alama. Kila kijani ilipotoka nilimtazama Baba, naye alikuwa na uso uleule wa kazini.

Ikafika zamu ya mwisho. Walikuwa wametuzidi moja tu. Wawili wetu walikuwa wameshatolewa, akitoka mmoja zaidi mchezo umekwisha. Mimi nilikuwa Webuye. Sikumbuki nilifikaje, nakumbuka tu kwamba nilikuwa nimesimama juu ya gunia, maranda yanabonyea chini ya viatu, Baba kando yangu karibu kiasi cha kusikia anavyopumua. Mwende ndiye aliyeshika rungu la twiga. Nikifika nyumbani tuko sawa nao na Mwende anaendelea kupiga. Nisipofika, tumetolewa kwenye ligi. Ndivyo nilivyoamini.

Mrushaji wao akarusha. Mwende akapunga rungu likapiga hewa. Mdakaji wao, aliyekuwa amechutama nyuma ya Mwende, akanyoosha glavu, mpira ukamgonga mkononi ukampita, ukabingirika kuelekea ukuta wa mabati. Njia ilikuwa wazi. Hata mtoto wa chekechea angeona kwamba njia ilikuwa wazi.

Nikamtazama Baba kwa mazoea, nikiwa nimeshajiandaa kuichukia nyekundu. Akanyoosha kijani.

Sikuamini. Nakwambieni sikuamini. Niliitazama ile bendera, nikamtazama yeye usoni, nikaitazama bendera tena, nikadhani amekosea mkono. Mpira haukuwa mtaroni. Haukuwa umevuka ukuta. Msimu mzima nilikuwa nimemlilia kitambaa hicho, na kilipotoka nilisimama kukikagua kama mtu aliyepewa noti bandia. Kisha miguu ikaondoka. Nilikimbia kuliko nilivyowahi kukimbia, na mdakaji wao naye alikuwa ameshaugeukia mpira, ameuokota, anarudi. Alinigusa begani kwa glavu yenye mpira nikiwa nimeinua mguu wa kukanyaga gunia la nyumbani.

"Umetoka," refa akasema, kwa huruma.

Ngoma za Baba Dogo zikaanza. Nilibaki nimelala pale kwenye chokaa. Kevo akaja akanisimamia juu, machozi yanamtiririka, mvulana mkubwa vile. "Ulikuwa unangoja nini?" akaniuliza. "Nekesa, si ulipewa kijani? Ulikuwa unangoja nini?" Wengine nao wakaanza kunikusanyikia, na sikupendezwa na nyuso zao.

Baba alifika akawasogeza kwa mikono. "Mwacheni," akasema. "Treni haina makosa. Kosa ni la mwenye bendera."

Alilisema mbele ya watu wote, kofia mkononi. Akawapa watoto wote mkono mmoja mmoja, akawaambia wamecheza vizuri, wakasalimie nyumbani kwao, wamwambie kila mzazi asante. Mama alitutazama kwa mbali, akajifunga leso vizuri, akaondoka na majirani. Watu wakatawanyika. Tulibaki mimi na yeye, tukaanza kukusanya magunia kama kila Jumamosi, na mimi hasira ilikuwa imenijaa. Niliokota Nakuru, nikaokota Eldoret. Nikayaburuta hadi alipokuwa.

"Sasa watatutoa," nikasema.

"Nani?"

"Ligi. Nilikusikia ukimwambia Mama. Mwisho wa mwezi tunatoka, wengine wanachukua nafasi."

Baba aliliweka chini gunia alilokuwa amebeba. Nikaona anarudi nyuma katika mawazo yake, anatafuta ni jioni gani, ni maneno gani. Kisha akaketi juu ya gunia akaniambia, kwa Kiswahili ili nisikose hata neno. Reli ilikuwa imepunguza watu. Yeye alikuwa mmoja wao, na alijua tangu kabla ya msimu kuanza. Nyumba si yetu tena, familia nyingine imeshapewa, tunatakiwa kuhama mwisho wa mwezi. Tunaenda nyumbani.

"Timu iko sawa," akasema. "Ni sisi."

Nilihesabu nyuma nikafika kwenye mkutano wa ukumbini. Siku alipoinua mkono alikuwa hana kazi tayari. Mavazi yale ya kazi aliyavaa kila asubuhi akatoka nayo mlangoni, na Mama akamfungia chakula, ili sisi tuone kwamba kila kitu kinaenda sawa. Mtu mzima angemhurumia. Mimi nilizidi kukasirika. Nilikasirika kwamba kila mtu alijua kitu isipokuwa mimi, kwamba nililia usiku kwa ajili ya ligi, na kwamba hata kama ningelifikia lile gunia tungeondoka tu.

"Tutarudi lini?" nikamuuliza. Nilikuwa bado na hesabu yangu ya Desemba na Januari.

Akajipangusa maranda mikononi. "Wewe unajua hii mchezo kunishinda. Mtu akifika nyumbani anafanya nini?"

"Anatoka uwanjani. Anakaa kwa benchi."

"Mpaka lini?"

"Mpaka zamu yake ifike tena."

"Na kama hiyo ndiyo ilikuwa zamu ya mwisho?"

Nikafikiria. Kanuni ilikuwa moja tu. "Basi anakaa tu," nikasema.

Baba akatikisa kichwa kukubali, kama mwalimu aliyepewa jibu sahihi ambalo hakulitaka. Alikuwa mtu wa nguvu zake bado, nywele nyeusi, mwenye kuweza kubeba magunia manne peke yake. Nikamuuliza swali la mwisho, na nililiuliza kwa ukali, maana nilitaka nimuudhi naye kidogo.

"Na kama hataki kukaa?"

"Basi anakawia Webuye," akasema.

Lile gunia la Webuye lilikuwa limesalia peke yake uwanjani, mahali pake. Nilianza kwenda kulichukua, akanishika bega akaniambia tungoje kidogo. Nikangoja.